Amplifaya ya faiba: punguza upotevu kwanza, geini baadaye

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile: "Mwanga umeshuka, niongeze geini kiasi gani?" Nimeulizwa na vijana walio wiki ya kwanza kwenye kazi ya mkongo, na nimepigiwa simu saa nane za usiku kutoka chumba cha usimamizi wa mtandao. Jibu langu halijabadilika: geini, yaani kiwango amplifaya inachokuza mwanga, usiiguse kwanza. Tafuta mwanga unapopotelea.

Mwongozo huu ni wa fundi anayehudumia amplifaya za EDFA, vikuza mwanga vya faiba yenye erbiamu, kwenye mkongo wa nchi kavu, zile zinazokaa kwenye vibanda vya vifaa kila kilomita 60 hadi 100. Kama saiti yako ina kontena, betri, jenereta na raki mbili, ni wewe ninayezungumza nawe.

Nadharia kidogo tu

Ndani ya EDFA kuna mita kadhaa za faiba iliyochanganywa na madini ya erbiamu. Leza ya pampu, ya nanomita 980 au 1480, huijaza erbiamu nishati, na mwanga wako wa nanomita 1530 hadi 1565 ukipita humo unaichukua nishati hiyo na kutoka ukiwa na nguvu. Kabla ya teknolojia hii kupatikana mwaka 1987, kila kituo njiani kililazimika kugeuza mwanga kuwa umeme na kuurudisha tena kuwa mwanga, chaneli (rangi ya mwanga inayobeba data yake) moja moja.

Kitu cha kushika ni hiki. Amplifaya haichagui. Inakuza mawimbi yako, inakuza kelele iliyokuja nayo, halafu inaongeza kelele yake yenyewe. Kadiri mwanga unaoingia ulivyo dhaifu, ndivyo kelele yake inavyochukua nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo dB (desibeli, kipimo cha kupanda au kushuka kwa nguvu) uliyoipoteza kabla ya amplifaya hairudi, hata skrini ikionyesha nguvu ya kutoka iko pale pale kama zamani.

Hesabu yake mafundi wengi wanaijua kwa moyo: OSNR (uwiano wa mawimbi na kelele) ya kipande kimoja, yaani faiba iliyo kati ya amplifaya mbili, ni 58, jumlisha nguvu ya chaneli kwa dBm (desibeli ukilinganisha na miliwati 1), toa NF ya amplifaya (kipimo cha kelele inayoiongeza yenyewe), toa upotevu wa kipande. Chukua njia ya kilomita 480, yaani umbali wa barabara ya Mombasa hadi Nairobi kwa kukadiria, uigawe vipande 6 vya kilomita 80. Kila kipande kina upotevu wa dB 20, NF ni 5.5, na unarusha +1 dBm kwa chaneli. Kipande kimoja kinakupa dB 33.5. Vipande 6 vikiungana kelele zao zinajumlika, unabaki na 25.7.

Sasa kipande kimoja kiugue, upotevu uongezeke kutoka dB 20 hadi 25, na fundi azibe pengo kwa kuongeza geini. Nguvu inarudi, alamu inazimika, kila mtu analala. Lakini OSNR imeshuka hadi 24.4, na kipande hicho kimoja kati ya sita sasa kinaleta karibu asilimia 39 ya kelele yote ya njia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka ofisini

- Namba za siku mtambo ulipowashwa mara ya kwanza: nguvu ya kuingia, ya kutoka, geini, mkondo wa leza ya pampu. Kama hazipo, chukua za leo na uanze hapo.
- Mchoro wa njia wenye kilomita halisi za kebo. Kilomita za barabara hazitoshi.
- Darubini ya faiba yenye vichwa vya konekta za SC na LC, vya kutazama pachikodi (kebo fupi za kuunganishia) na vya kutazama ndani ya paneli.
- Kalamu ya kusafishia konekta, kaseti ya kusafishia, na isopropili ya asilimia 99.
- Pawamita inayohimili nguvu kubwa. Angalia kikomo chake kwenye maandishi ya nyuma kabla ya kuichomeka popote.
- OTDR (kifaa kinachopima faiba kwa mapigo ya mwanga) yenye mawimbi ya nanomita 1310, 1550 na ikiwezekana 1625.
- Kichanganuzi cha spektra, au angalau uwezo wa kusoma nguvu ya kila chaneli kutoka kwenye mtambo.
- Kibali cha kazi chenye saa ya kuanza na kumaliza, na namba ya simu ya mtu wa zamu upande wa pili.

Hatua kwa hatua

1. Soma namba kabla ya kugusa chochote. Ingia kwenye amplifaya ya upande huu na ya upande ule, muda ule ule. Nguvu inayotoka huku, toa nguvu inayoingia kule: huo ndio upotevu wa kipande chako leo. Kisha pata ule unaopaswa kuwa. Kwa faiba ya kawaida iliyozikwa mimi huweka 0.22 dB kwa kilomita kwenye 1550, 0.05 kwa kila kiungo, na 0.3 kwa kila jozi ya konekta. Kilomita 80 zenye viungo 20 na jozi 4 za konekta: 17.6, jumlisha 1, jumlisha 1.2. Unapata kama 19.8. Ukipima ukakuta 20 au 21, faiba yako ni nzima, ruka hadi hatua ya 5. Ukikuta 25, una dB 5 za kutafuta, na nyingi huwa karibu kuliko unavyodhani.

Kosa la kawaida: kulinganisha nguvu ya leo ya chaneli 12 na ya siku ile ya chaneli 8. Nguvu inayosomwa ni jumla ya chaneli zote. Linganisha upotevu, au andika idadi ya chaneli pembeni ya kila namba.

2. Punguza nguvu kwa utaratibu, kisha ndipo ufungue. Mwanga wa 1550 hauonekani kwa jicho. Amplifaya ya 20 dBm inatoa miliwati 100, na zinatosha kabisa kuharibu jicho. Usitegemee kwamba mtambo utajizima wenyewe ukichomoa konekta; thibitisha kwa pawamita. Kama unapima kupitia mlango wa ukaguzi unaotoa asilimia 1 tu ya mwanga, kumbuka kujumlisha dB 20 kwenye unachosoma.

Kusafisha au kuchomoa konekta wakati nguvu kubwa inapita ni hatari kwa faiba pia. Uchafu hufyonza mwanga, hupata moto, na uso wa kioo huungua papo hapo. Konekta ikishaungua hakuna kalamu itakayoiokoa.

3. Tazama, safisha, tazama tena. Hapa ndipo kazi nyingi huishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiini cha faiba kina upana wa kama maikromita 9. Unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko hicho. Ukiweka konekta kwenye darubini unaona duara la kijivu, na katikati yake kiduara kidogo ambacho ndicho njia yote ya mawasiliano ya mji mzima. Konekta safi ni kijivu kitupu, kama sahani iliyooshwa. Konekta iliyoguswa na kidole ina ukungu wenye michirizi, kama kioo cha gari kilichopanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Vumbi ni vidoa vyeusi vyenye kingo kali. Isopropili iliyokauka vibaya huacha duara hafifu kama alama ya kikombe cha chai mezani.

Anza na usafi mkavu: kalamu mara moja au mbili, tazama. Uchafu ukigoma, tia tone la isopropili kwenye kaseti, vuta konekta kutoka sehemu yenye unyevu kwenda sehemu kavu, kwa mwelekeo mmoja, bila kurudisha. Tazama tena. Halafu safisha na upande uliomo ndani ya paneli, kwa sababu ukiunganisha konekta safi na chafu unapata chafu mbili.

Spiriti ya duka la dawa yenye asilimia 70 ina maji mengi na itakuachia utando. Usipulize kwa mdomo, mate hayakosekani. Shati la kazini, hata lililofuliwa jana, weka mbali. Na vifuniko vya plastiki vya konekta si safi kama vinavyoonekana. Faiba iliyokaa na kifuniko chake mwaka mzima bado inahitaji darubini.

Angalia na rangi. Konekta ya kijani ina uso uliokatwa kwa mshazari, ya buluu uso wake hauna mshazari. Ukizilazimisha pamoja zitaingia, na utapoteza dB kadhaa na kuzikwaruza zote mbili.

4. Piga OTDR, na uipige kwa mawimbi mawili. EDFA zina vizuizi ndani vinavyozuia mwanga kurudi nyuma, kwa hiyo OTDR haivuki amplifaya. Kila kipande kinapimwa peke yake. Chomoa faiba pande zote mbili kwanza. Mapigo ya OTDR yakiingia kwenye mtambo ulio hewani yanaweza kuharibu kipokezi, na mwanga wa mtambo unaweza kuharibu OTDR.

Pima kwa 1310 na kwa 1550. Hasara ikilingana kwenye yote mawili, shuku kiungo kibaya au konekta. Ikiwa ndogo kwenye 1310 na kubwa kwenye 1550, na kubwa zaidi kwenye 1625, hapo pana mkunjo: faiba imebanwa au imepinda mno mahali fulani.

Niliwahi kuitwa kwenye njia iliyokuwa imeongezwa geini mara tatu ndani ya miezi michache, kila mara dB 1 au 2. Makosa ya data yalizidi kila geini ilipopanda. 1310 ilionyesha karibu hakuna kitu. 1550 ikaonyesha anguko la zaidi ya dB 3, mita chache tu kutoka mwanzo, pale ambapo OTDR bila koili ya kutangulizia (faiba ndefu inayowekwa kati ya OTDR na njia) isingeona. Nilifungua raki. Pachikodi ya njano ilikuwa imepita kwenye bawaba ya mlango, na kila mlango ulipofungwa iliminywa, hadi ganda lake likawa bapa kama mrija uliokanyagwa. Tuliibadilisha kwa dakika kumi. Tangu siku hiyo, nikifika saiti, mkono wangu wa kwanza ni kwenye bawaba na kwenye tai za plastiki zilizokazwa kupita kiasi.

Kwa hiyo usisahau koili ya kutangulizia, na usianze kuchimbua barabara kabla ya kukagua mita 20 za mwanzo na za mwisho.

5. Panga nguvu ya kurushia. Baada ya faiba kupona, amua kila chaneli irushwe kwa nguvu gani. Mitandao mingi ya kilomita 80 kwa kipande hukaa kati ya 0 na +2 dBm kwa chaneli, lakini fuata usanifu wa mtandao wako. Jumla yake: nguvu ya chaneli moja, jumlisha 10 mara logi ya idadi ya chaneli. Chaneli 40 za 0 dBm ni 16 dBm. Chaneli 80 ni 19. Chaneli 96 ni 19.8. Hakikisha amplifaya inaweza kutoa jumla ya siku mtandao utakapojaa. Hesabu ya chaneli 8 za leo haitoshi.

Usidhani kuongeza tu kunasaidia daima. Ukipandisha chaneli kwa dB 1, OSNR inapanda dB 1, lakini usumbufu unaozaliwa ndani ya faiba yenyewe unapanda kama dB 3. Kuna kilele, na ukikivuka unalipia umeme ili kuharibu data.

6. Linganisha geini na upotevu, katika hali sahihi. Geini ya amplifaya iwe sawa na upotevu wa kipande kilichotangulia, basi. Tumia hali ya AGC, ya geini isiyobadilika. Kwenye hali ya APC, ya nguvu isiyobadilika, chaneli zikipungua kwa kebo kukatwa mahali pengine, zilizobaki zitasukumwa juu zijaze nguvu ile ile, na zitaharibika. (APC ya kwenye skrini haina uhusiano na APC ya konekta ya kijani. Mkanganyiko huu nimeukuta hata kwenye ripoti za kazi.)

Kosa kubwa la hatua hii: umeokoa dB 5 kwa usafi na pachikodi mpya, ukafunga mlango ukaondoka. Amplifaya iliyo kwenye AGC sasa inapokea dB 5 zaidi na inatoa dB 5 zaidi, na vipande vyote vya mbele vinapigwa. Ukipunguza upotevu, shusha geini kwa kiasi kile kile, usiku huo huo.

Kitu kingine ambacho wanaoanza hawaambiwi: amplifaya yenye geini ya kurekebisha hutoa NF nzuri karibu na geini yake ya juu. Ukiishusha mno, atenyueta (kipunguza mwanga) iliyo katikati yake hula mwanga na NF inaharibika. Kipande kifupi cha dB 14 hakihitaji amplifaya iliyosanifiwa kwa dB 28. Kama ghalani mna ya geini ndogo, badilishaneni. Mara nyingi njia moja ina amplifaya mbili zilizokaa mahali pa mwenzake. Na ukilazimika kuweka atenyueta kwenye kipande kifupi, iweke mwanzoni mwa kipande. Mwanga utakaofika mwishoni ni ule ule, lakini faiba itakuwa imebeba nguvu ndogo njia nzima.

7. Nyoosha mwinamo. Tazama spektra. Chaneli zote zinapaswa kuwa karibu kimo kimoja. Erbiamu ikisukumwa kwa geini kubwa kuliko iliyosanifiwa, upande wa 1530 unapanda. Ikiwa geini ni ndogo, upande wa 1565 unapanda. Juu ya hapo, faiba yenyewe ikijaa chaneli huhamisha nguvu kidogo kutoka mawimbi mafupi kwenda marefu. Rekebisha mwinamo kidogo kidogo kwenye kila amplifaya. Ukingoja hadi kituo cha mwisho, zile chaneli dhaifu zitakuwa zimeshazama kwenye kelele na kuzipandisha hapo ni kupandisha kelele.

8. Poza chumba. Leza ya pampu hulindwa na kipozeo chake kidogo ndani ya moduli. Kibanda kikiwa cha moto, kipozeo hicho kinakula umeme zaidi, leza inazeeka haraka, na mkondo wake unapanda mwaka hadi mwaka ili kutoa mwanga ule ule. Safisha vichujio vya feni; ukanda mkavu wenye vumbi jekundu huviziba ndani ya wiki chache. Ziba matundu ya kebo, kwani joto, panya na sisimizi hupita hapo hapo. Lenga nyuzi joto 25 hivi. Saiti inayotegemea betri na sola itakulipa moja kwa moja: kila wati isiyoliwa na pampu na kiyoyozi ni dakika za ziada umeme ukikatika.

9. Andika namba mpya, ubandike nakala ndani ya mlango wa raki. Tarehe, idadi ya chaneli, nguvu ya kuingia na kutoka, geini, mkondo wa pampu, joto.

Na Raman je?

Kama kipande ni kirefu mno na kila kitu ni safi lakini OSNR bado haitoshi, Raman, aina nyingine ya ukuzaji, inasaidia kweli, maana inakuza mwanga ndani ya faiba yenyewe kabla haujafifia kabisa. Pampu zake ziko karibu na nanomita 1450 na nguvu yake hufika mamia ya miliwati, ikielekea nyuma kwenye faiba. Kilomita 20 za kwanza kutoka kwenye pampu lazima ziwe safi kabisa. Unga kwa kuyeyusha kila unapoweza badala ya konekta. Raman kwenye faiba yenye konekta chafu ni moto unaosubiri kuwashwa. Maliza hatua ya 1 hadi ya 4 kabla hata ya kuiagiza.

Ukikwama

*Nguvu ya kutoka iko sawa, makosa ya data yanaongezeka.* Tazama nguvu ya kuingia. Imeshuka? Rudi hatua ya 3. Haijashuka? Pima OSNR kipande kwa kipande ukianzia mwanzo wa njia. Mahali inapoanguka ghafla ndipo mgonjwa alipo.

*Mkondo wa pampu umepanda lakini upotevu haujabadilika.* Angalia joto la chumba kwanza. Chumba kikiwa baridi na mkondo bado unapanda wiki hadi wiki, leza inazeeka. Agiza moduli sasa, kabla haijafa.

*Upotevu unapanda mchana na kushuka usiku.* Mara nyingi ni kebo ya juu ya nguzo au boksi la viungo linalopata jua, faiba ikibanwa kadiri vitu vinavyotanuka. Pima OTDR saa nane mchana, pima tena alfajiri, weka michoro miwili juu ya mwenzake.

*Chaneli za upande mmoja tu ndizo zinazolalamika.* Huo ni mwinamo. Hatua ya 7. Ukikuta unarekebisha kila mwezi, kuna amplifaya inayofanya kazi mbali na geini yake ya usanifu.

*Amplifaya imejishusha nguvu yenyewe na haitaki kupanda.* Imehisi mwanga unarudi nyuma au kipande kimekatika, na inawalinda watu walio kwenye kebo. Usiilazimishe kwa amri ya mkono hata mteja akipiga kelele. Mpigie fundi wa upande wa pili umuulize kama ana faiba wazi mkononi.